Miaka yote Ulaya na bado mnapanda baiskeli? Jibu kutoka Uholanzi

Shikamooni wakubwa, na wengine salamu. Kila picha ikitumwa nyumbani swali ni hilo hilo: gari liko wapi? Wengine wanaongeza kwamba tumeshindwa maisha. Tuseme ukweli: kununua gari Uholanzi si kazi. Kazi ni kulitunza.

Kwanza leseni. Ya Tanzania au Kenya inakufaa siku 185 tangu ujiandikishe manispaa, kisha unaanza upya, nadharia na barabarani. Masomo pamoja na mitihani kwa kawaida yanavuka euro 2,000, yaani bei ya gari kuukuu kabla hujaligusa. Halafu kodi ya barabara, inayopangwa kwa uzito wa gari, mafuta linayotumia na mkoa unaoishi. Unalipa hata likilala nje wiki nzima. Bima ni lazima, na dereva asiye na rekodi ya miaka bila ajali anatozwa zaidi. Gari la petroli likipita miaka 8 linakaguliwa kila mwaka. Katikati ya Amsterdam kuegesha saa moja tu kunazidi euro 7. Jumlisha, kisha tuulizeni tena kwa nini pesa ya kutuma imechelewa.

Baiskeli nzuri ya mtumba unapata kwa euro 150 hadi 250 kwa fundi anayekupa na dhamana. Ile inayouzwa euro 20 usiku karibu na stesheni ni ya wizi, na kosa la kununua ni lako pia. Chagua yenye gia tatu ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, na mnyororo uliofunikwa kabisa: haishiki matope, haichafui suruali, na mnyororo unadumu miaka. Kufuli ziwe mbili. Ya duara kwenye gurudumu la nyuma haimzuii mtu kuinyanyua baiskeli na kuitia kwenye gari lake, kwa hiyo ongeza mnyororo mnene uliofungwa kwenye chuma kilichosimikwa ardhini.

Wale waliokulia na baiskeli za Phoenix watajisikia nyumbani. Baiskeli nyingi nyeusi za kizamani huku zina tairi lile lile la 28 kwa 1½, na valvu ni ile ile ya kufungua kwa vidole. Ila soma namba ubavuni mwa tairi: 40-635 na 37-622 zote huitwa inchi 28, lakini moja haiingii kwenye rimu ya nyingine. Na pampu ya gari ya kituo cha mafuta haishiki valvu hii, nunua yako.

Pancha ya nyuma ndiyo inayowatesa wageni. Fundi akibadilisha tairi la baiskeli yenye kava la mnyororo na breki ya kukanyaga nyuma, ufundi unaweza kuzidi bei ya tairi. Kuziba tu hakuhitaji kutoa gurudumu. Kwanza angalia valvu: kama ni ya zamani yenye kimpira, kikikauka upepo unatoka bila tundu lolote. Kama ni nzima, pindua baiskeli, toa tairi upande mmoja kwa vijiti viwili, vuta tyubu nje, ijaze upepo na uizamishe kwenye maji mpaka uone mapovu. Kausha, piga msasa, paka gundi nyembamba, subiri dakika tano hivi hadi ising'ae, ndipo ubandike kiraka. Asiyesubiri, kiraka kinambandukia kesho yake. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole taratibu ndani ya tairi. Kipande cha chupa kilichotoboa mara nyingi bado kimo.

Majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi, na mnyororo usiofunikwa unashika kutu haraka. Ufute na uupake mafuta kila wiki. Mvua ina koti na suruali yake. Upepo wa mbele hauna dawa: nchi ni tambarare, hakuna mlima wa kuuzuia.

Sheria zinafuatwa. Pembetatu nyeupe zilizochorwa chini zikikuelekea, unapisha. Pasipo alama, anayetoka kulia kwako ana haki, na tangu 2001 hata mwenye baiskeli anahesabiwa. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Tangu Julai 2019, simu mkononi ukiendesha ni faini. Ukiegesha baiskeli pasiporuhusiwa, manispaa inaibeba na unalipia kuikomboa, wakati chini ya stesheni ya mji wa Utrecht kuna nafasi 12,500 na saa 24 za kwanza ni bure.

Baiskeli haimfai kila mtu. Anayeingia zamu ya alfajiri kwenye ghala kilomita 20 nje ya mji, basi la kwanza halijaanza, huyo gari linamlipa, au baiskeli ya umeme, inayosaidia hadi kilomita 25 kwa saa lakini ikiwa mpya inaweza kuvuka euro 2,000. Treni inabeba baiskeli kwa tiketi yake, ila si saa za msongamano siku za kazi. Ya kukunja inapita bure. Mwenye leseni anayehitaji kubeba friji anakodi gari kwa saa.

Basi mkija kututembelea, kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol tutawapokea kwa treni. Stesheni iko chini ya uwanja wenyewe. Masanduku yawe ya magurudumu.