Kanuni mpya za soko la hisa: zinabadilisha kampuni au ni makaratasi tu?

Mkuu, umeuliza kama mageuzi ya soko la hisa yanazibadilisha kampuni kweli au yanazaa makaratasi tu. Tazama Tokyo. Machi 2023 soko la huko liliziomba kampuni zieleze zitainuaje thamani yake. Karibu nusu ya zile za daraja la juu hisa zake ziliuzwa chini ya thamani ya vitabuni. Yaani uza mali zote, lipa madeni, na kwa hesabu za vitabuni unabaki na zaidi ya bei uliyonunulia!

Faini haikuwepo. Ila Januari 2024 soko likaanza kuchapisha orodha ya waliojieleza, na mkurugenzi gani anapenda wenzake waone jina lake halimo? Fedha zilizolala benki zikaanza kutoka: gawio likapanda, kampuni zikanunua tena hisa zake, zikauza hisa za kampuni rafiki walizokuwa wakishikiliana miaka nenda rudi.

Mimi sishangilii sana, lakini. Kununua hisa zako mwenyewe kunapunguza idadi ya hisa, hivyo kunapandisha faida kwa kila hisa bila kuuza hata gari moja zaidi. Na Nikkei, kipimo cha bei za hisa kubwa za Japani, ilipovuka rekodi ya 1989 Februari 2024, yeni dhaifu (sarafu ya huko) nayo ilikuwa imezibeba kampuni zinazouza bidhaa nje ya nchi.