Kwa aliyeuliza kuhusu RV na msafara wa Alaska: nenda, ila usikubali ratiba ya kukimbizana

Mkuu, umeuliza kama inafaa kukodi RV (gari lenye vitanda, jiko na choo ndani) ukiwa na mkeo na mzee wako atakayekuja kutoka Tanga, na kama mjiunge na msafara wa kulipia kutoka mji wa Dawson Creek, Kanada, hadi Alaska kwa barabara kuu ya Alaska Highway, au mwende wenyewe. Waliotangulia kukujibu wamezungumzia dubu tu. Mimi njia hiyo nimeipita na msafara, kisha nikaipita tena na familia bila msafara, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Msafara wenyewe si vile wengi wanavyodhani, kwamba magari yanafuatana bampa kwa bampa kama msafara wa rais. Kiongozi hutangulia alfajiri, fundi hufunga mkia, na katikati kila mtu anakwenda kwa mwendo wake, mnaitana kwenye redio za upepo na kukutana kambini jioni. Unacholipia ni nafasi za kambi zilizokwisha kuwekwa, huyo fundi wa nyuma, na mtu anayejua kituo kipi cha mafuta hakijafunguliwa msimu huu. Kutoka mji wa Fort Nelson hadi mji wa Watson Lake ni zaidi ya kilomita 500, na sehemu kubwa simu haishiki. Ukiwa na mzee ndani ya gari, kujua kwamba kuna mtu nyuma yako ambaye haruhusiwi kukupita ukiwa umekwama ni jambo la kulipia. Jioni kila gari huleta sahani yake mezani. Peleka pilau, utapata marafiki kabla ya sufuria kuisha.

Ubaya wake ni ratiba. Kuna misafara inayokula kilomita 450 kwa siku, siku baada ya siku, mkifika mmechoka, mnachomeka umeme, mnalala. Kabla ya kutoa hela waulize swali moja: je, naweza kubaki nyuma siku moja nikawakuta mbele? Wakikataa, tafuta wengine. Utamu wa njia hii uko kwenye vimji, na vimji havionekani kupitia kioo cha dereva.

Chukua Teslin, kijiji cha Watlingit, wenyeji wa asili wa huko, kando ya ziwa. Wengi hujaza mafuta, hupiga picha daraja refu, huondoka. Pale pana jumba dogo la makumbusho la George Johnston, Mtlingit mtegaji wanyama aliyekuwa pia mpiga picha. Mwaka 1928 alinunua Chevrolet, ikaletwa kwa boti, wakati Teslin haikuwa na barabara hata moja inayofika huko. Akafyeka njia yake ya kilomita chache. Majira ya baridi aliiendesha juu ya ziwa lililoganda, akaipaka rangi nyeupe ili wanyama wasiione anapowinda. Gari hilo lipo, utaliona. Ningekuwa wewe ningempa mzee saa mbili nzima mle.

Watson Lake wana msitu wa vibao. Mwaka 1942 askari mmoja wa Marekani, Carl Lindley, aliyekuwa akiukumbuka mji wake wa Danville, Illinois, alipachika kibao kinachoelekeza kwao. Wapitao wakaendeleza, sasa vibao vimezidi 80,000. Andaeni chenu kabla ya kuondoka nyumbani, na muwe na nyundo. Chetu cha Muheza kiko pale, jirani na cha mji fulani wa Ujerumani, na mtu wa Bavaria alikaa na mke wangu nusu saa akiuliza habari za machungwa.

Kabla ya hapo mtapita Liard, chemchemi za maji moto. Njia ya mbao inapita juu ya kinamasi hadi kwenye bwawa, ni tambarare, mzee ataiweza. Maji ni kati ya nyuzi 42 na 52, kwa hiyo akae upande wa mbali na chanzo. Julai kambi hujaa mapema, fikeni kabla ya mchana. Maeneo hayo nyati wa kule, bison, hulala barabarani kabisa. Usiendeshe giza likiingia, ingawa mwezi Juni giza lenyewe mtalitafuta.

Sasa jambo ambalo viongozi wa misafara hulipitia kwa sentensi moja. Barabara hii ilichongwa mwaka 1942, baada ya Wajapani kupiga Pearl Harbor, na Marekani kuhofia Alaska ingekatwa. Karibu theluthi moja ya askari walioijenga walikuwa watu weusi, wengi wao kutoka majimbo ya kusini, katika vikosi vilivyotengwa kwa rangi. Walilala kwenye mahema kwenye baridi ambayo kwao hawakuwahi kuiota. Oktoba 25 mwaka huo, karibu na Beaver Creek, buldoza la Koplo Refines Sims, mweusi kutoka kikosi cha 97, lilitokeza porini likakutana na la Alfred Jalufka, mweupe kutoka kikosi cha 18, na pande mbili za barabara zikaungana. Jeshi la Marekani liliamriwa kuacha ubaguzi mwaka 1948, miaka sita baadaye. Karibu na Delta Junction, mwisho rasmi wa barabara, daraja la mto Gerstle limepewa jina la kuwakumbuka wanajeshi weusi. Simamisheni gari. Mzee wako, kama ni wa rika la wazee wetu, atapenda kulivuka kwa miguu.

Kipande kibaya ni kuanzia kijiji cha Destruction Bay, Kanada, hadi mpaka wa Alaska, na kuendelea upande wa Alaska karibu hadi mji wa Tok. Chini kuna udongo ulioganda mwaka mzima. Ukishaondoa majani juu yake na kuweka lami nyeusi inayonyonya jua, barafu ya ndani inayeyuka na barabara inavimba hapa, inabonyea pale. Utaona vibendera vidogo pembeni, usivipuuze. Shuka hadi kilomita 50 kwa saa au chini, funga kabati zote, na usiruhusu mtu atembee mle ndani gari likienda. Kioo cha mbele kitapigwa kokoto, hilo lihesabu kwenye bajeti, na soma bima ya kukodi inasema nini kuhusu vioo na matairi.

Mafuta: ukifika nusu tanki, jaza, bei isikusumbue. Tanki la choo limwagwe kila mnapopata kituo chenye huduma hiyo, hata kama halijajaa. Watu watatu hulijaza upesi. Mbu wa huko ni wakubwa na hawana adabu, ila malaria hawana.

Kuhusu makaratasi, hapa ndipo nakuomba uanzie. Wewe na mkeo mna green card (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani), mtaingia Kanada kwa pasipoti na kadi hizo. Mzee na pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Kanada, na viza yake ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana Alaska ni kuingia Marekani upya. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo thibitisha kwenye tovuti za serikali zenyewe, na usilipe amana ya msafara kabla viza zake hazijatoka. Bastola acheni nyumbani. Dawa ya kupulizia dubu inaruhusiwa, mradi kopo limeandikwa kwamba ni ya wanyama.

Uliuliza pia kama mrudi kupitia kijiji cha Chicken, Alaska, na Dawson City, mji wa Yukon huko Kanada, si Dawson Creek ya kuanzia. Njia ni nzuri mno, inapita mgongoni mwa milima, na kivuko cha mto Yukon ni bure. Lakini ina changarawe nyingi, mpaka wake hufunguliwa majira ya joto tu na hufungwa usiku, na mikataba mingi ya kukodi inakataza changarawe. Kwa RV ya kukodi ningeiacha. Ukipata majibu ya viza, weka hapa urefu wa gari unalotaka kukodi na tarehe zenu, nitakuambia kambi zipi za Yukon mtatosha.