Vyoo vya Paris: mchukulie mama kopo lake

Dada, umeuliza kama mama atapata pa kujisaidia mtakapokuwa mkizunguka Paris, maana hawezi kujizuia muda mrefu. Atapata, ila mjipange.

Barabarani kuna vibanda vya choo vya manispaa, zaidi ya 400, bure tangu mwaka 2006. Akitoka mtu, mlango unajifunga na choo kinajiosha chenyewe. Tafadhali, mama asiingie huku mwenzake anatoka! Asubiri uoshaji uishe, taa ionyeshe kiko wazi, ndipo abonyeze kitufe. Vingi hufungwa saa nne usiku. Stesheni nyingi za metro, yaani treni za chini ya ardhi, hazina choo, kwa hiyo aende kabla hamjashuka chini. Kwenye stesheni kubwa za treni vipo, visafi, ila vingi ni vya kulipia, kwa hiyo wekeni sarafu za yuro karibu. Mgahawani, agizeni hata kahawa kwanza.

Jambo litakalomsumbua hasa ni maji. Kule ni karatasi tu, hakuna kopo wala bomba la kujisafishia. Mimi sitoki bila chupa ndogo ya plastiki, naijaza hotelini asubuhi. Mbebee na yeye ya kwake.