Hema la turubai linalovuja kwenye mishono

Ndugu, umesema hema ni jipya na linavuja kwenye mishono tu. Usinunue dawa ya kuzuia maji bado. Kama turubai lake ni la pamba, lisimamishe uani, limwagie maji mpaka lilowe chapachapa, liache likauke kabisa, kisha rudia mara mbili au tatu. Uzi wa pamba ukinywa maji huvimba na kuziba matundu ya sindano. (Turubai la nailoni au plastiki halivimbi, hapo utapoteza maji bure.)

Mshono ukiendelea kukaidi, sugua nta ya nyuki juu yake kwa nje, halafu upashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka nta iingie kwenye uzi. Kuna watu huyeyusha mishumaa kwenye mafuta ya taa na kupaka hema zima. Mimi siwezi kulala humo. Cheche moja ya moto wa kambi inatosha.

Dawa ya silikoni ya kupaka ihifadhi kwa siku ambayo kitambaa chenyewe kitaanza kunywa maji badala ya kuyafanya yateleze. Chagua ile iliyotengenezwa kwa maji, iache turubai lipumue. Kabla ya kupaka, safisha kwa maji matupu na brashi laini, maana sabuni ikibaki kwenye kitambaa huvuta maji.

Na mvua ikinyesha, usiegemeze begi ukutani. Pale linapogusa ndipo maji huanza kupenya.