Pikapu ya marehemu isiyo na logibuku

Ndugu yangu, umeuziwa pikapu Likoni, Mombasa, na mtoto wa marehemu, logibuku (hati ya umiliki wa gari) haionekani, naye anasema karatasi ya mauziano yatosha. Haitoshi kabisa! Kisheria gari huhesabiwa la yule aliyesajiliwa.

Tafuta rekodi za gari hilo eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, uone limeandikwa jina la nani. Namba ya chesisi, ile iliyochongwa kwenye fremu ya gari, isome mwenyewe, futa kutu, ilinganishe na rekodi tarakimu moja moja. Ikiwa imesuguliwa, dai pesa zako.

Rekodi zikiwa safi, warithi waende mahakamani, kwa Kadhi ikiwa marehemu alikuwa Mwislamu, wapate idhini ya kusimamia mirathi. Hao ndio wataomba logibuku mpya, kwa abstrakti ya polisi (karatasi ya kuripoti kwamba imepotea) na hati ya kiapo, kisha wakuhamishie gari kwa jina lako. Pesa iliyobaki, tafadhali usiitoe kabla ya hapo.