Tulimwachia msuluhishi aamue mshahara, na daftari la makanga ndilo lililotuokoa

Ndugu wa Kondele, Kisumu, uliyeuliza kama madereva na makanga wa sacco yenu (ushirika wa wenye matatu) mkubali msuluhishi awaamulie mshahara, na uamuzi wake uwe wa mwisho: sisi tulikubali. Wakati huo nilikuwa dereva wa Nakuru–Kisumu, mmoja wa watatu tuliotumwa kukaa na wenye magari. Sijutii, ila kuna mahali tulijiponza wenyewe.

Kwanza, huyo haji kuwapatanisha. Mpatanishi akishindwa, kila mtu anarudi na msimamo wake na mgomo bado mnao. Haki ya kugoma iko kwenye Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya. Msuluhishi anaamua. Ukishatia sahihi, huwezi kurudi kulia eti kiwango hakikukupendeza. Mpini anaushika yeye.

Sasa yetu. Mshahara hatukuwa nao, tulikuwa na hesabu: jioni mwenye gari apate zake, mafuta yarudi kwenye tangi, kinachobaki ugawane na makanga. Siku lori limelala Salgaa na foleni haisongi, mnaenda nyumbani na deni. Kanuni za matatu za 2003, zile za waziri wa uchukuzi Michuki, zilitaka dereva na kondakta waajiriwe kwa mshahara wa mwezi, lakini hesabu haikufa. Tuliomba mshahara wa mwezi, michango ya NSSF (akiba ya uzeeni), siku moja ya mapumziko yenye malipo, na kitu kidogo cha kulala tukikwama Kisumu usiku.

Msuluhishi alikuwa afisa wa kazi mstaafu, mzee mpole. Hakuanza kwa kuuliza tunataka nini. Aliuliza gari moja linaingiza ngapi kwa siku. Wenye magari wakatoa karatasi zilizochapwa vizuri, hasara kila mwezi (ukizisoma unaweza kuwachangia harambee). Sisi tulikuwa na midomo tu. Ndipo makanga wangu akachomoa daftari la shule, jalada limelowa dizeli, kila tripu imeandikwa: abiria, mafuta, ada ya steji, hesabu. Mwishoni kulikuwa na safu aliyoiita "mengineyo", hamsini hamsini, mia mia, ukurasa mzima. Mzee akaweka kidole pale: "Haya mengineyo ni yapi?" Chumba kizima kikakohoa, wenye magari wakiwemo.

Daftari hilo la miezi minne ndilo lililotupa mshahara na NSSF. Mapumziko na pesa za kulala tulikosa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika ni usiku ngapi tulijikunja kwenye viti vya nyuma.

Kuna aliyesema kwamba New York watumishi wa umma hawaruhusiwi kugoma. Ni kweli, sheria ya jimbo lile inawakataza. Wafanyakazi wa treni na mabasi waligoma siku tatu Desemba 2005, na chama chao kikapigwa faini ya dola milioni 2.5. Mwaka 2009 jopo la wasuluhishi watatu likawapa nyongeza ya asilimia 4, tena 4, kisha 3 kwa miaka mitatu. Mwajiri akakimbilia mahakamani kuupinga uamuzi, akashindwa. Lakini kule mwajiri ni shirika moja la umma, na hesabu zake zinajulikana. Nyinyi mna wenye magari wengi, na kila mmoja hesabu zake ziko kichwani.

Kwa hiyo anzeni kuandika leo, kila gari, hata zile siku mbaya. Msimkubali msuluhishi aliyependekezwa na mwenyekiti peke yake, na ulizeni kama ana gari barabarani, hata kwa jina la mkewe. Orodhesheni kabisa anachopaswa kuamua. Kisichokuwa kwenye orodha hatakigusa. Na kama mna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, mkataba wenu wa pamoja na wenye magari usajiliwe Mahakama ya Ajira na Leba, maana usiposajiliwa haushiki kisheria. Sisi hatukusajili. Haikupita miezi mitatu, wenye magari wawili wakahamishia magari yao sacco nyingine, na madereva wao wakarudi kwenye hesabu ile ile.

Ukitaka nikuchoree safu za daftari, sema. Ile ya mengineyo mtafute jina lenu.