Barua kwa mwanangu: ule mlango wa ubavuni

Kwako binti yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa Jumanne niliusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mamako naye asikie. Unauliza: hilo jengo la klabu ya zamani ya mabwana matajiri ambalo ofisi yenu inaligeuza hoteli, klabu iliyojengwa ili watu kama sisi tusiingie, je, linastahili kutunzwa kama lilivyo? Na ule mlango mdogo wa ubavuni waliokuwa wakipitishwa wanawake, muuache au muuzibe?

Ngoja kwanza nianze na mlango mkubwa. Neno langu unalijua, umelisikia tangu hujang'oa meno ya utotoni: fundi anaweza kudanganya ukutani, mlangoni hawezi. Babu yako alichonga milango Lamu maisha yake yote, na mbele ya mlango palikuwa na daka, yaani kibaraza cha kuketi. Mgeni asiyefaa kufika ndani alikaa dakani, akaletewa kahawa. Alizuiwa, lakini alizuiwa akiwa ameketi.

Klabu za New York hazina daka. Simama Fifth Avenue na mtaa wa 54 uitazame University Club, kazi ya msanifu majengo Charles McKim ya mwaka 1899. Graniti ya rangi ya waridi, madirisha makubwa ya matao, ngao za vyuo vikuu zimechongwa ukutani. Ukiwa barabarani unahesabu ghorofa 3 tu. Kumbe zimo nyingine zilizobanwa katikati, na vidirisha vyake vimechanganywa na mapambo hata jicho linavipita. Mtindo huo waliuchukua London, ambako Charles Barry alikwisha kujenga Travellers Club mwaka 1832 na Reform Club mwaka 1841 kwa kuyaiga majumba ya mabwana wa Italia. Ndiyo maana nasema ukutani hudanganya: lile ni jumba la mwana wa mfalme lisilo na mwana wa mfalme ndani yake. Wenyewe kwa wenyewe pia walifungiana. Husimuliwa kwamba tajiri wa benki J. P. Morgan alianzisha Metropolitan Club mwaka 1891 kwa hasira, rafiki yake alipokataliwa kwenye klabu nyingine, na miaka 3 baadaye msanifu Stanford White akawa amewajengea nyumba ya marumaru inayotazamana na Central Park.

Lakini nikisema hivyo nafsi yangu inanisuta, kwa sababu mtaa wa 44 lipo jengo nililolipenda kuliko misikiti mingi niliyoiona, Mungu anisamehe. New York Yacht Club, klabu ya wenye mashua, ya mwaka 1901, ya Whitney Warren. Madirisha yake 3 ya mbele ni tezi, yaani sehemu za nyuma, za merikebu za zamani, zimetokeza ukutani kana kwamba zimetia nanga mle ndani, na chini yake maji ya jiwe yanamwagika na mwani wake kuelekea njia ya waenda kwa miguu. Siku niliyoliona mara ya kwanza nilikuwa nimebeba boksi la misumari. Nilisimama hadi mkono ukafa ganzi. Miaka mitatu sikuwa nimeiona tezi ya jahazi, nikaikuta imechongwa kwa jiwe katikati ya Manhattan.

Sasa nifike nilikokuwa nakwepa. Mwaka 1994 kampuni niliyoifanyia kazi ilipewa kibarua kwenye klabu moja, jina nitaliacha. Bomba lilikuwa limepasuka juu, maji yakateremkia ndani ya mbao za mwaloni za chumba cha kusomea. Sisi tulipita mlango wa nyuma, penye mapipa ya taka. Nilipobandua ubao wa kwanza nikakuta mgongoni mwake alama za penseli: namba ya ubao, na mshale wa kuonyesha upande wa juu. Alama ile ile niliyofundishwa na babu yako. Na dari niliyoidhania mbao ilikuwa plasta iliyopakwa rangi, nyuzi za mti zimechorwa mmoja mmoja. Nilipanda nikaigonga kwa ukucha ndipo nikasadiki.

Jumamosi moja mamako alikuwa zamu, nikaja nawe. Ulikuwa na miaka 6, na viatu vilivyolia kwenye marumaru. Niligeuka kuchukua patasi, kuinua macho nikakuona kwenye ngazi kubwa ya mbele, mkono kwenye mhimili, mguu kwenye kidato cha pili. Hapakuwa na mwanachama hata mmoja. Mzee wa mlangoni alikutazama, akatabasamu. Mimi ndiye niliyekwenda nikakushika mkono nikakuteremsha. Hukulia. Uliniuliza, "Baba, ngazi hii imeharibika?" Nikasema ndiyo.

Ngazi ile haikuwa na kasoro. Mwendo wake, nakshi yake, kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Nimejitetea miaka yote kwamba ningepoteza kazi, na huenda kweli ningeipoteza. Lakini hakuna aliyenikataza, binti yangu. Nilijikataza, nikakukataza na wewe, kisha nikaisingizia kazi ya fundi mwenzangu ubovu.

Wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kubadilika. Jiji la New York lilikuwa limeamua tangu mwaka 1984 kwamba klabu yenye wanachama zaidi ya 400, inayouza chakula na kupokea fedha za wasio wanachama, isibague. Klabu zikapinga, na mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani ikazikatalia kwa kauli moja. Kabla ya hapo wanawake wenye uwezo walikuwa wamejijengea yao: Colony Club ya mwaka 1907, Madison Avenue, yenye bwawa la kuogelea. Wengine wakaendelea kupita ubavuni.

Kwa hiyo unaponiuliza kutunza, nusu ya moyo wangu inasema bomoeni, mtoto mwingine asije akaambiwa ngazi ni mbovu. Kisha namkumbuka yule wa penseli. Naye alipita penye mapipa. Na ile picha uliyonitumia kutoka Chicago, umeketi kwenye jengo la Chicago Athletic Association, lile alilolijenga Henry Ives Cobb mwaka 1893 na sasa tangu 2015 ni hoteli: umekunja miguu kwenye kochi, begi sakafuni, hakuna aliyekuuliza wewe nani. Picha hiyo niliitazama muda mrefu kuliko ninavyoweza kukueleza.

Neno la mlango wa ubavuni ninalo mdomoni na kulimeza kunaniumiza, lakini kazi ni yako, na mara moja nilikwisha kukuamulia vibaya mbele ya ngazi. Kabla hamjakata shauri, nenda mapema mafundi hawajafika, upige magoti pale. Tazama kizingiti kimelika kiasi gani, na kimelika katikati au pembeni. Weka rula juu yake, unipigie picha kwa karibu.

Babako